Karamu Iliyotupwa Bondeni

Dada yangu mkubwa ndiye aliyetaka vyakula vinane. Mimi nilikuwa nimetaja vitatu tu: pilau ya mbuzi, maharage, na dodo, ile mboga ya majani ambayo kwingine huitwa mchicha. Tulikuwa katika chumba changu cha kushonea, Nyakabanda, hapa Kigali, magauni ya wapambe yamelala juu ya cherehani. Dada alikuwa ametoka kwake Kibagabaga na daftari la harusi ya binti yangu kwapani, maana kwetu harusi ya mtoto ni ya ukoo mzima, na mama mzazi ni mmoja tu wa wasemaji.

"Maharage?" aliuliza. "Kwenye harusi? Unataka watu wadhani tumefiwa?"

"Watu wanakula maharage kila siku, dada, na hawajafiwa."

"Hasa. Kila siku. Harusi si ya kila siku."

Mume wangu, ambaye ana duka la vitambaa na hupenda mambo yaishe haraka, alisema dada ana hoja. Nikajiona nimebaki peke yangu, nikaanza kukunja magauni. Nasema haya mwanzoni kabisa ili asije mtu akadhani kwamba katika kisa hiki mimi nilikuwa mwema. Kinywa changu hiki hiki, ambacho leo hakifungiki, siku ile kilifungwa na maneno machache ya dada.

Mwenye kampuni ya chakula alikuja wiki ileile. Mwanamume wa makamo, mtanashati, aliyekulia Uganda na kurudi nchini na wazazi wake, Kiswahili chake kimechanganyika na Kiingereza na Kinyarwanda kama wali na njegere. Alituonyesha picha katika simu yake kubwa: meza ndefu zenye vitambaa vyeupe, masufuria ya kung'aa yenye mishumaa chini, matofaa yamepangwa kama mnara. Akahesabu kwa vidole. Pilau, chipsi, ndizi za kukaanga, kuku, ng'ombe, mbuzi, samaki, saladi.

"Samaki anatoka wapi?" niliuliza.

"Nje, mama. Anakuja ameganda, safi kabisa, vipande vipande."

"Na wa ziwani kwetu?"

"Wana miiba. Wageni hawapendi miiba."

Dada akanitupia jicho. Nikauliza swali moja tu zaidi, kwa sababu nililelewa na baba aliyekuwa fundi cherehani kama mimi, mjukuu wa wafanyabiashara waliopanda huku kutoka pwani, na baba yule hakuinuka mkekani mpaka ameokota punje ya mwisho ya wali iliyoanguka. "Kitakachobaki kitakwenda wapi?"

Yule bwana alicheka. "Hakuna kinachobaki, mama. Na kikibaki, tuna wafugaji wetu wa nguruwe." Kisha akakumbuka yuko nyumba gani, akashika mdomo. "Samahani sana, mama. Sikukusudia."

"Nguruwe si kosa lao," nikamwambia, na sote tukacheka. Mambo yakapita hivyo, kwa kicheko. Dada akaagiza mpaka karatasi za kufutia mikono zenye herufi mbili za dhahabu, ya bwana harusi na ya bibi harusi, zimekumbatiana.

Kabla sijafika kwenye harusi yenyewe, nimtaje mtu mmoja. Kuna mama mzee, mjane, ambaye kwa miaka mingi ametuletea mboga nyumbani kila Jumanne na Ijumaa. Tunamwita Mukecuru, ndivyo wanavyoitwa kwa heshima mama wazee hapa kwetu. Analima kipande cha bonde ng'ambo ya kilima, anapanda na kikapu kichwani kabla jua halijakaza, na kwa vile kuuza barabarani hakuruhusiwi, anapita uani mwa nyumba zinazomjua. Kiswahili chake ni cha Kigali, cha kujifunzia mlangoni. "Dodo iko mzuri leo," husema, hata siku ambayo dodo ina matundu ya wadudu. Mimi huitwa "mwana wanjye", mtoto wangu, ingawa mimi mwenyewe sasa nina mjukuu. Nilimwalika harusini. Nikamwambia nitamshonea gauni. Akaniangalia miguuni, akacheka kwa upole, akasema ukumbi ule unataka viatu. Nilisema viatu nitaleta. Hakuja. Jioni ya kuamkia harusi alileta kikapu kizima cha dodo na bilinganya kama zawadi kwa bibi harusi, na sisi, kwa kuwa jikoni hakukuwa na mtu wa kupika, tuliziacha zikanyauka. Hilo nalo naliandika.

Harusi, Jumamosi ile, ilikuwa nzuri. Binti yangu alipendeza, mkwe wangu alilia mbele za watu bila kuona haya, na mimi nikampenda kwa hilo. Lakini macho yangu yalikuwa mezani. Nilikuwa nimekaa mahali ambapo niliona kila sahani inavyopita. Bwana mmoja mwenye tai ya buluu alichukua mapaja manne ya kuku, akala moja, mengine matatu akayafunika kwa karatasi ya herufi za dhahabu kana kwamba anayalaza. Watoto walijaziwa samaki na mama zao, wakamtoboa kwa uma, wakakimbilia soda. Kwa vile kila mtu alitaka kuku, nyama ya ng'ombe ilikaa katika masufuria yake mpaka mafuta yakaganda juu, meupe kama nta. Wahudumu walikusanya sahani ambazo hazikuwa zimeguswa upande mmoja, wakamimina vyote pamoja katika mapipa ya buluu nyuma ya pazia. Nilisikia ule mlio. Chakula kikianguka juu ya chakula hakina mlio mkubwa, lakini ukishausikia hutausahau.

Nikainuka na mavazi yangu yote ya mama wa bibi harusi, nikamfuata msimamizi wao.

"Nipe masufuria ya nyama ambayo hayajaguswa," nikamwambia. "Nina majirani, nina watu mtaani Gitega, kuna familia kule wanaishi wanane chumba kimoja. Nitayapeleka sasa hivi, kabla hayajapoa."

"Haiwezekani, mama. Ni utaratibu wa kampuni. Chakula kikitoka nje, mtu akaumwa tumbo, lawama ni zetu."

"Kwa hiyo ni afadhali mtu alale njaa kuliko aumwe tumbo?"

"Mama, leo ni siku ya furaha," akasema, akanishika kiwiko taratibu na kunirudisha kwenye kiti changu. Dada aliniambia nikae, watu wananiangalia. Nikakaa. Mara ya pili.

Jumanne Mukecuru hakuja. Nikadhani labda ametuachia tupumzike na wageni. Lakini yeye hakuwa mtu wa kuacha siku yake ipite, na kwa umri wake niliingiwa na wasiwasi. Jumatano asubuhi nikavaa viatu vya mpira, nikashuka.

Njia ya kwake inapita kati ya mikaratusi, halafu kilima kinafunguka na unaliona bonde, matuta yamepangwa kama mistari ya kitambaa, na mfereji mwembamba wa maji katikati. Siku zote nimependa kuliona kutoka juu. Siku ile kabla sijaona chochote nilisikia harufu. Nilijua si ya samadi. Samadi ina harufu ya kitu kilichokubali kuoza. Hii ilikuwa tamu na kali, harufu ya mafuta yaliyochacha. Kisha nikaona sakabaka, wengi, wakizunguka chini chini, na mbwa watatu wakivutana.

Mukecuru alikuwa amekaa juu ya kikapu chake kilichogeuzwa, mikono magotini. Hakuwa analia. Mbele yake, mahali palipokuwa na kitalu cha miche ya kabichi na matuta mawili ya dodo, palikuwa na rundo. Wali umekuwa wa kijivu. Mifupa ya kuku. Chipsi zimelowa mvua ya Jumatatu na kuvimba kama vidole vya mtu aliyezama. Vipande vya samaki, matofaa yamevunjika, karatasi za fedha za kufunikia vyakula. Gari lilikuwa limerudi nyuma kutoka barabara ya udongo iliyo juu, likamwaga, na vyote vikateremka mpaka kwenye mfereji. Maji yalikuwa na ngozi ya mafuta yenye rangi rangi.

"Jumapili asubuhi nilikuta hivi," akasema. "Nimeshindwa kusogeza. Iko nzito."

Niliinama. Sikuinama kutafuta kitu, niliinama nipandishe kitenge changu kisiguse uchafu. Ndipo nikaiona karatasi imenata juu ya jani la kabichi, na herufi mbili za dhahabu zimekumbatiana.

Mukecuru hajui kusoma. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa pale. Niliibandua ile karatasi, nikaifunga katika pindo la kitenge changu, nikamwambia ngoja nikatafute msaada, nikaanza kuondoka. Nilikwenda hatua kama kumi hivi. Mpaka leo ninazijua hatua zile kumi, najua jiwe nililolikanyaga. Kisha nikarudi. Si ujasiri. Niliona tu kwamba nikipanda kile kilima na karatasi ile kiunoni, Ijumaa sitaweza kumfungulia mlango.

"Mukecuru," nikasema, "hiki ni chakula chetu. Cha harusi ya mwanangu."

Aliniangalia, akaliangalia rundo, akanirudia mimi. Nilikuwa tayari kwa hasira yake. Nilikuwa naihitaji, kusema kweli. Lakini yeye alikunja uso kama mtu anayefanya hesabu ngumu.

"Nyama iko mingi hivi," akasema, "na hawakula? Watu ilikuwa wagonjwa?"

Nimehudhuria mawaidha mengi, nimesikia wataalamu redioni wakieleza habari za hali ya hewa na misitu na mvua zisizoeleweka siku hizi. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali lililonivua nguo kama lile. Watu walikuwa wagonjwa? Hapana, Mukecuru. Walikuwa wazima kabisa, wamependeza, wanacheza.

Sikupitia nyumbani. Nilipanda pikipiki na matope yangu mpaka uani kwa yule mwenye kampuni. Nilimkuta anasimamia kazi, masufuria yaleyale yanasuguliwa, wanawake sita wanamenya viazi, maboksi ya kuku walioganda yanatoa moshi wa baridi juani. Kulikuwa na harusi nyingine Jumamosi. Aliponiona alifungua mikono kama tunaenda kukumbatiana.

"Mama bibi harusi!"

Nikamwonyesha karatasi. Nikamweleza bonde, nikamweleza mjane, nikamweleza mfereji. Alisikiliza kwa adabu, kichwa kimeinama upande, mpaka nikadhani ataniomba radhi.

"Mama," akasema, "chakula kikioza kinakuwa nini? Mbolea. Huyo mama atavuna msimu huu kuliko misimu yote. Ukiangalia vizuri, tumemsaidia."

"Tumemsaidia?"

"Ni mambo ya asili, mama. Organiki."

Nikamwambia kwamba mbolea haina chumvi na mafuta ya kukaangia. Nikamwambia miche imeungua, majani yamekuwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Nikamwambia aje na koleo, yeye mwenyewe, na suti yake, aje ale mbolea yake. Wale wanawake waliacha kumenya. Mmoja alificha kicheko kwenye kiganja. Hapo ndipo sura ya yule bwana ilibadilika.

"Wewe uliniagiza vyakula vinane," akasema, sasa bila kuniita mama. "Wageni wenu ndio waliojaza sahani na kuziacha. Sikuwalisha kwa nguvu. Kama una malalamiko, andika barua."

Hilo ndilo lililoniuma, na linaniuma bado, kwamba mtu mnafiki kama yule aliweza kunirushia neno moja la kweli kati ya uongo wake wote, na neno lile likanasa.

Nilikwenda kwa kiongozi wa mtaa wetu, mtu mwema, akampigia simu yule mwenye kampuni mbele yangu. Jibu likaja kwamba kosa ni la dereva, aliambiwa apeleke kwa wafugaji akaona ni mbali, na dereva ameshaachishwa kazi. Yaani katika mkasa mzima, aliyeadhibiwa ni mtu ambaye huenda hakuonja hata mfupa wa karamu ile.

Jioni dada akaja. Alikuwa ameshasikia, Kigali ni ndogo.

"Achana nayo," akasema. "Tutamtumia yule mama kitu kidogo, tumalize. Ukizidi kupiga kelele watu watasema tulitupa chakula."

"Si tulitupa?"

"Kampuni ilitupa."

"Dada, herufi ni za nani?"

Dada akatazama nyuma yangu. Binti yangu alikuwa mlangoni. Alikuwa katika fungate, siku zake saba za kukaa ndani na kupumzika, na alikuwa amekuja kutusalimia tu na mumewe. Hina mikononi ilikuwa bado nyekundu ya kuiva. Tulikuwa tumemficha habari ile. Sasa alikuwa ameisikia yote.

"Kesho tunaenda," akasema.

"Wewe huendi popote," dada akamwambia. "Bibi harusi hashiki koleo. Wakwe zako watasemaje?"

"Watasema nilienda kuzoa chakula changu, shangazi." Huwa anamwita hivyo dada yangu, ingawa ni mama yake mkubwa, tangu utotoni hatujaweza kumrekebisha.

Alhamisi tulikuwa wanne bondeni: mimi, binti, mkwe wangu na mume wangu, ambaye alifunga duka siku ile. Mukecuru alijaribu kuchukua jembe, tukamketisha. Tulizoa tangu asubuhi mpaka alasiri. Tulichimba shimo mbali na mfereji, tukatenga mifupa na karatasi za fedha, tukafukia kilichoweza kufukiwa na udongo na majivu. Kazi ile inafundisha kuliko semina, kwa sababu chakula kwenye koleo kina uzito ambao hakina kwenye sahani. Nilijaza koleo la chipsi nikakumbuka nilivyoona viazi vikilimwa kule kaskazini, kwenye miteremko mikali ambayo mvua moja kubwa inabeba udongo wote na kuupeleka mtoni. Nikajaza koleo la nyama ya ng'ombe, nzito, inateleza. Ng'ombe yule alikunywa maji miaka mingapi, akala nyasi za kilima gani, akakatiwa majani na mtoto wa nani, mpaka aje afunikwe na mafuta yake mwenyewe ukumbini? Samaki alikuwa amesafiri kuliko mimi. Alivuliwa bahari nisiyoijua, akawekwa kwenye barafu, akabebwa na meli na malori usiku na mchana kwenye mashine za baridi, yote hayo kwa sababu wageni wetu hawapendi miiba, na ziwa letu liko hapo, siku moja tu ya safari. Na vyote vilipikwa kwa makaa. Mama mkwe wangu anatoka kusini. Nilipoolewa, kilima kilichotazamana na nyumba yake kilikuwa na miti mpaka kileleni. Siku hizi ukienda, unaona magunia ya makaa kando ya barabara yakisubiri malori ya Kigali, na kilima kimenyolewa kama kichwa cha mtoto wa akika. Kila mara nilihuzunika nikiwa garini, kisha narudi nyumbani na kununua gunia.

Binti yangu alikuwa anaokota wali kwa mikono, kwenye mashina ya dodo yaliyokuwa yamebaki hai, koleo lisije likayakata. Wali na hina. Niliona machozi yanamtoka, nikamwambia apumzike. Akasema si machozi, ni harufu. Nikamwacha na neno lake.

Hatukuokoa sana. Kitalu kilikufa chote. Mukecuru alipoteza msimu ule, na wiki nyingi alipita uani kwetu na kikapu chepesi, mboga za kununua kwa wenzake. Tulimkuzia miche mipya katika makopo kwenye uwanja wangu, nje ya chumba cha kushonea, wateja wakiruka makopo kuja kupimwa. Mvua za masika ziliusafisha mfereji, au ziliupeleka ule uchafu kwa mtu mwingine chini zaidi, sijui. Ndilo jambo ambalo watu hawapendi nilitaje. Jiji letu ni safi, na mimi najivunia, nafagia mbele ya mlango wangu na natoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi, kila mwisho wa mwezi pamoja na wengine. Mgeni akishuka uwanja wa ndege na mfuko wa plastiki ananyang'anywa, na ni sawa. Lakini hakuna anayemnyang'anya mtu sahani ya tatu. Tunafagia jani moja lililoanguka barabarani na tunamwaga ng'ombe mzima bondeni, halafu tunapiga picha ya barabara.

Na yule bwana? Yuko. Nilimwona tena katika harusi ya jirani, suti nyingine, mishumaa ileile, akaja kunisalimia kwa mikono miwili kana kwamba tulisoma pamoja. Nilikula wali na saladi, nikamaliza sahani mpaka ikang'aa, nikaishika juu akaiona. Nilijisikia mjinga mara tu baadaye. Ndivyo hasira inavyomfanya mtu.

Mwaka uliofuata binti yangu alijifungua, na tukafanya akika ya mtoto hapa kwangu. Safari hii sikuuliza mtu. Mbuzi mmoja wa sunna, nyama yake imegawiwa majirani na maskini kama inavyotakiwa, iliyobaki imeingia kwenye pilau, sufuria mbili za maharage niliyoyaloweka tangu jana yake ili yasile makaa mengi, dodo, parachichi. Dada alikuja tangu siku hiyo ya kuloweka, akakaa kwenye kigoda kunisaidia kuchambua maharage, analalamika mawe, analalamika kucha zake, lakini alichambua. Wajomba wawili walinong'ona. Mmoja aliuliza kwa sauti, "Kuku wako njiani?" nikamwambia hapana, wako bandani wanataga. Watu walicheka, wakala, wakaongeza. Sahani zilirudi tupu isipokuwa za watoto wawili, na hizo nilizimaliza mimi mwenyewe nikiwa nimesimama jikoni.

Mukecuru alikuja. Nilimketisha karibu na mzazi, nikamwandalia kwa mkono wangu kabla ya wajomba, maharage mengi, dodo ya bonde lake mwenyewe, pilau kidogo pembeni. Nilikuwa najivunia sahani ile. Nilisimama nimngojee aonje.

Aliitazama, akanivuta kwa kitenge niiname.

"Mwana wanjye," akanong'ona, "maharage nakula Jumatatu, nakula Jumanne, nakula mpaka Jumapili. Nyama iko wapi?"

Miezi yote ile nilikuwa nimehubiri kwa kila mteja aliyekuja kupimwa nguo, nimewachosha watu kwa habari za ng'ombe na makaa, na hapo mbele yangu alikuwa amekaa mtu pekee katika chumba kile ambaye hakuwahi kuuharibia ulimwengu hata kijiko kimoja cha chakula, anaomba kipande cha nyama, na mimi nimemnyima kwa niaba ya bonde lake.

Nikarudi jikoni mbio. Nikachimbua pilau mpaka chini ya sufuria, nikapata paja zuri lenye mafuta kidogo, nikaongeza na mbavu. Dada aliniona, akauliza hizo ni za nani. Nikamwambia, naye akainuka, akafunua bakuli alilokuwa amejiwekea la kwenda nalo Kibagabaga, akatoa vipande viwili vikubwa akaviongeza juu.

Mukecuru alikula taratibu sana, anatafuna upande mmoja wenye meno. Mbavu alizinyonya mpaka zikawa nyeupe. Alipofika kwenye vile vipande vya dada aliacha kula, akaomba jani la mgomba, akavifunga, akaviweka kikapuni chini ya kitambaa chake. Kisha akavuta sahani ya maharage, akaonja kijiko kimoja, akaniambia nimeyazidisha chumvi.